Askari wa Gulsanam

Mjini Gilgit, mtu mkaidi huambiwa ana shingo ya Mirbaz. Mirbaz mwenyewe alilichukulia neno hilo kuwa sifa. Alikuwa nahodha wa timu ya polo ya mji tangu ndevu zake hazijakolea, na polo ya kule si ile ya mabwana wenye suruali nyeupe. Ni vumbi, ngoma na zumari, magongo yanayotafuta mpira na kupata meno, wala hakuna refa wa kumlilia. Alikwisha vunjika bega, mbavu na kidole, na kila mara alirudi tandikoni kabla mganga hajaruhusu.

Kwa hiyo siku alipokojoa damu, hakushtuka. Alimwambia mkewe, Roshnai, kwamba ni farasi tu, kamrusha vibaya.

"Farasi gani huyo anayemrusha mtu mwezi mzima?" Roshnai akauliza.

Akamburuta hospitali. Walipofika Rawalpindi, uvimbe kwenye figo la kushoto ulikuwa umekua kiasi cha ngumi. Figo likatolewa. Kiangazi kile kile Mirbaz alicheza fainali akiwa na kovu lililomzunguka ubavu, akafunga mabao, akarudi nyumbani akiwa amebebwa mabegani. Watu wakasema yamekwisha.

Hayakwisha. Mwaka uliofuata alianza kukohoa, na picha ya kifua ikaonyesha vivimbe kwenye mapafu yote mawili, vimetapakaa kama mtama uliomwagika. Saratani ya figo ilikuwa imesafiri. Walimchoma sindano zilizomtia homa na kutetemeka majira yote ya baridi, na majira yalipokwisha mtama umekuwa kunde.

Hapo ndipo alipopelekwa kwa Daktari Uzma Cheema.

Daktari Uzma alikuwa mwanamke wa Sialkot, mfupi, mwenye maneno ya haraka, ambaye hakuna aliyewahi kumwona ameketi. Chai yake aliinywa amesimama. Aliziangalia picha dirishani, kisha akamgeukia Mirbaz.

"Una mbwa nyumbani?"

"Ninao wawili."

"Mwizi akija kila siku akawatupia nyama, watambwekea?"

"Watamtikisia mkia."

"Basi ndiyo hali ya mwili wako. Kinga yako imeuzoea uvimbe. Wanalala nyumba moja. Dawa zote tulizokupa zilikuwa za kumpigia mbwa kelele aamke, na hakuamka. Mimi nataka kukuletea walinzi wengine kabisa."

Akamweleza. Ndani ya mifupa ya kila mtu mna seli shina, ambazo ndizo mbegu za damu. Wangechukua za ndugu yake anayelingana naye, wamtie yeye, baada ya kumpa dawa ya kupisha nafasi mifupani. Zikishaota zingezaa askari wapya, wageni, ambao hawajawahi kula nyama ya mwizi yule. Matibabu hayo yalijulikana kwa saratani za damu. Kwa uvimbe kama wake bado yalikuwa ni majaribio, na ni hospitali chache tu duniani zilizothubutu.

"Na mimi je?" Mirbaz akauliza. "Hao askari wageni watanijua mimi ndiye mwenye nyumba?"

Daktari akatua kikombe. "Hilo ndilo swali, na wengi hawaliulizi. Hawatakujua. Watakushambulia na wewe, ngozi, utumbo, ini. Tutawafunga hatamu kwa dawa, lakini wapo wagonjwa waliouawa na tiba hii, si ugonjwa. Wapo ambao askari waliingia na uvimbe haukutikisika. Na wapo ambao vivimbe vyao vilipungua hadi nikadhani nimeshika picha ya mtu mwingine. Sikufichi kitu."

Roshnai alikuwa amefumba macho. Mirbaz alicheka, kicheko kikaishia kwenye kikohozi.

"Daktari, mimi nimecheza kule juu Shandur, mahali ambapo hata farasi hukosa pumzi. Tuanze lini?"

"Tuanze na ndugu zako. Unao wangapi?"

"Mmoja," akasema Mirbaz.

"Wawili," akasema Roshnai.

Mdogo wake, Neknam, alijitolea kabla hajaombwa. Alitangaza sokoni kwamba damu yake itamponya kaka yake, akanunuliwa chai na nusu ya wachuuzi. "Sisi tumefanana hata pua," alisema. Majibu yakaja kwamba walilingana nusu tu. Neknam alinyamaza siku nzima, jambo ambalo familia haikuwahi kuliona.

Akabaki Gulsanam, mtoto wa kwanza wa mama yao, aliyeolewa bonde la Yasin. Miaka minne alikuwa hajakanyaga kwa Mirbaz, na sababu yake watu wote waliijua. Binti yake, Mahrukh, alikuja likizo kwa mjomba wake, akampanda farasi wa mazoezi na kumkimbiza uwanjani, vizuri, mbele ya timu nzima. Mirbaz akamfokea ashuke, akasema kwa sauti ya uwanjani kwamba mama yake hakumfunza kuona haya. Gulsanam alikuwa amesimama ukutani, akasikia kila neno. Alimshika binti yake mkono wakaondoka bila kuaga.

Neknam alitumwa Yasin kwenda kumwomba. Akarudi na jibu fupi: "Aje mwenyewe. Cha mvunguni huinamiwa."

"Siendi mimi kwa mtu kuomba uhai," Mirbaz akasema.

"Basi usiende," Roshnai akamjibu huku akimkunjia koti lake la sufu. "Jeep inakusubiri nje."

Alimkuta dada yake uani, anaanika matunda ya aprikoti juu ya paa la zizi. Hakushuka mara moja. Alimaliza safu yake, akajipangusa mikono, akateremka ngazi polepole kama mtu asiye na mgeni.

"Umekonda," akasema.

"Naumwa, dada."

"Najua. Neknam kaja hapa kanililia kama mjane. Kaa."

Mirbaz akaketi kwenye mkeka. Kikohozi kilimshika, na Gulsanam akasubiri kiishe huku akiutazama mlima.

"Uliyosema siku ile, yaseme tena."

"Dada, mambo ya zamani hayo."

"Mimi nayasikia kila siku. Yaseme."

Akayasema, na katika ua ule mtulivu yalisikika mabaya kuliko alivyoyakumbuka.

"Uliyasema mbele ya nani?"

"Mbele ya watu wote."

"Sasa mbele yangu peke yangu, sema ulikosea."

Mirbaz alivuta ndevu. Shingo yake mashuhuri ilikuwa nzito. "Nilikosea," akasema hatimaye.

"Haya. Kula mkate, bado una moto."

"Na damu je?"

"Damu nilikupa kabla Neknam hajamaliza kupenga kamasi! Nilitaka uje kwa sababu nimekukumbuka, mpumbavu wewe. Miaka minne!" Akampiga kofi la bega, kisha akaona jinsi mfupa ulivyochomoza chini ya koti, mkono ukabaki pale pale.

"Mahrukh akitaka kuwapanda farasi wangu..." Mirbaz akaanza.

"Nyamaza hapo hapo. Damu yangu siiuzi. Sitaki kesho niambiwe Gulsanam alikata bei."

Damu yake ilichukuliwa mjini, ikapelekwa Rawalpindi. Ililingana na ya Mirbaz kama mlango na fremu yake.

Daktari Uzma alipowaketisha ndugu wote chumbani kwake, alimgeukia Gulsanam kwanza. "Mama, umezaa?"

"Wanne. Wa kiume watatu."

"Basi sikilizeni wote wawili. Mwanamke aliyebeba mimba za wavulana, askari wake wamekwisha kutana na mwili wa kiume, wameukariri. Wakiingia kwa kaka yako wataamka wakali. Wakali kwa uvimbe, na wakali kwake. Tungekuwa na ndugu wa kiume anayelingana, pengine ningemchagua yeye. Hatunaye. Na kwa ugonjwa ulivyofika, ukali si jambo la kuukataa moja kwa moja."

"Anasema una hasira, dada," Mirbaz akasema.

"Nimezipata kwa kukulea wewe."

Kwa siku kadhaa Gulsanam alichomwa sindano za kuzitoa seli shina mifupani ziingie kwenye mkondo wa damu. Zilimletea maumivu ya kiuno na mapaja kama ya uchungu wa kuzaa, alisema, ila safari hii mtoto mwenyewe ana ndevu. Kisha akalazwa kando ya mashine, damu ikitoka mkono huu, ikichujwa, ikirudi mkono ule, naye akimsuta Roshnai bila kupumzika.

"Wifi, umemlisha nini kaka yangu hata kawa hivi?"

"Nimemlisha uvumilivu, wifi. Kwenu hamkumpa."

Mfuko uliotoka ulikuwa mdogo, rangi ya supu ya nyanya. Roshnai aliutazama ukining'inia juu ya kitanda cha mumewe, ambaye dawa za kupisha nafasi zilikuwa zimemwacha bila nywele na bila hamu ya chakula.

"Ndiyo hiyo tu? Sisi tumesafiri bara zima kwa kibakuli kimoja?"

"Hata hamira ni kidogo, mama," akasema muuguzi.

Yakafuata majuma ya kukaa chumba kimoja, barakoa usoni mwa kila aingiaye, chakula kilichochemshwa hadi kikapoteza jina. Aprikoti mbichi marufuku. Mirbaz aliwahesabu wagonjwa wenzake kwa sauti zao kupitia ukutani. Jirani yake alikuwa muuza mazulia wa Multan, mwenye ugonjwa kama wake, aliyepewa seli za kaka yake. Kila asubuhi waligongeana ukuta kusalimiana. Askari wa Gulsanam wakaota. Vipimo vilionyesha nusu ya damu yake sasa ni ya dada yake, na kwa kuwa damu ya kike ina alama zake, daktari aliweza kuwatambua mmoja mmoja.

"Kwa hiyo mimi ni nusu mwanamke," Mirbaz akamwambia Neknam kwa simu.

"Kaka, huku mjini wamesema hivyo tangu ulipougua. Unalalamika sana."

"Nani anawakimbiza farasi wangu?"

"Mahrukh. Amekuja na baba yake. Mimi peke yangu siwezi wote, na Tufani hanitaki."

Mirbaz aliyafikiria hayo. Tufani alikuwa farasi wake mweusi, mwenye kuuma. "Amemuuma?"

"Hata hamuumi. Anamfuata kama mwanakondoo."

"Mwambie afupishe mikanda ya vikuku vya kukanyagia. Hata kama ana miguu mirefu, asidhani urefu wangu unamfaa."

Miezi mitatu baada ya ule mfuko mdogo, picha ya kifua ilipigwa tena. Daktari Uzma aliwaonyesha bila kuzunguka. Vivimbe vilikuwa vimekua.

Neknam, aliyekuwa amekuja kwa ajili ya siku hiyo, alitoka nje akalia ukutani. Aliporudi alisema waondoke. "Tumpeleke nyumbani, shemeji. Aione milima. Hapa tunamtesa bure." Macho ya watu wote yakamwendea Gulsanam, ambaye alikuwa anaangalia mikono yake kana kwamba ndiyo iliyoshindwa kazi.

"Daktari," Mirbaz akasema, "hao askari wamepigana?"

"Bado. Wamejaa nusu tu, na ile dawa unayokunywa asubuhi na jioni inawashika hatamu wasikudhuru. Uvimbe umeitumia nafasi hiyo. Nataka nipunguze dawa, niwaache. Lakini nikiwaacha..."

"Hakuna farasi anayeshinda mbio huku mdomo wake umevutwa nyuma. Legeza."

"Sikiliza hatari kwanza."

"Ulinieleza siku ya kwanza na sijasahau. Mke wangu yupo, dada yangu yupo, mdogo wangu huyu anayelia naye yupo. Ningetaka kuiona milima ningebaki kule. Legeza, Daktari."

Roshnai akaweka mkono wake juu ya wa mumewe. "Legeza," akasema naye.

Dawa ikapunguzwa hatua kwa hatua. Kwanza hapakuwa na kitu. Kisha viganja vya Mirbaz vikawaka wekundu, na nyayo, na masikio. Upele ukapanda kifuani. Daktari alikuja kuuangalia, na Roshnai aligundua kwamba uso wake una wasiwasi na furaha kwa pamoja, kama uso wa mtu anayesikia hodi aliyoingojea na hajui nani yuko mlangoni.

"Wamefika," akasema.

Walifika kwa fujo. Ngozi ikamchunika mikononi. Tumbo likaharisha maji mchana kutwa, macho yakageuka manjano. Mirbaz aliyewahi kucheza na ubavu uliovunjika akawa hawezi kushika kijiko. Ukuta wa pili ulikuwa umenyamaza. Mirbaz aligonga asubuhi mbili, na ya tatu muuguzi akamwambia kwamba mtu wa Multan amefariki, kwa jambo hilo hilo linalompata yeye sasa. Hakugonga tena.

Gulsanam alikuja kukaa naye siku hiyo. Alimpaka mafuta mikononi, kidole kwa kidole, na machozi yakamtoka chini ya barakoa.

"Ni mimi ninayekufanya hivi," akasema. "Ni damu yangu. Nimekuingiza wauaji nyumbani kwako."

Mirbaz alifungua jicho moja. Midomo ilikuwa imepasuka. "Nilipovunja mtungi wa mama ulinipiga kuliko hivi."

"Usinichekeshe, Mirbaz."

"Nilikufa?"

"Hukufa."

"Basi futa machozi, unaninyeshea."

Daktari Uzma alikuwa na kazi ya kupima kama muuza dhahabu. Akiwatuliza askari mno, wangelala na uvimbe ungetamba. Asipowatuliza, wangemmaliza mwenye nyumba. Alimpa dawa za kutuliza kwa kiasi, akangoja, akaongeza, akapunguza, na siku nyingine alionekana akiwa bado na nguo za jana. Kuharisha kukakoma kwanza. Manjano yakafifia. Asubuhi moja Mirbaz aliomba supu ya ngano na nyama kama ya kwao, yenye chumvi ya kutosha, na Roshnai akakimbia ngazi zote bila kungoja lifti kwenda kumtafutia jiko.

Picha iliyofuata, daktari aliitazama muda mrefu kuliko kawaida. Akaiweka ya zamani pembeni yake. Akamwita mwenzake wa chumba cha pili, naye akaitazama. Kisha akavuta kiti na kuketi, na waliokuwapo walipoona ameketi waliogopa.

"Kunde zimekuwa mtama," akasema. "Na upande wa kulia, mtama wenyewe sijauona."

Gulsanam akauliza, kwa sauti ya chini isiyo yake, "Ni wale wangu?"

"Ni wako, mama. Damu yake yote sasa ni yako. Hamna askari wake hata mmoja."

"Wamemwona mwizi," Mirbaz akasema.

Alirudi Gilgit barabara ilipofunguka baada ya theluji. Wenzake wa timu walimngoja uwanjani, na Jauhar, beki wao mwenye mdomo mchafu, akapiga saluti. "Karibu shangazi Mirbaz!"

"Asante, mwanangu," Mirbaz akamjibu. "Damu ninayotembea nayo imezaa wanne na kuua saratani. Yako imefanya nini zaidi ya kukuvimbisha uso?" Jauhar alichekwa hadi kiangazi kilipokwisha, na jina la shangazi halikushika.

Si kwamba alirudi kama zamani. Macho yake yalikauka, ikabidi ayatilie matone. Mdomo nao ulikauka, mkate hakuumeza bila chai. Ngozi ya mikono ilibaki na mabaka. Polo hakucheza tena, kwa kuwa daktari alimkataza kuanguka, na kwa mara ya kwanza maishani alitii. Unahodha alimpa Jauhar. Yeye akawa anafunza farasi pamoja na Mahrukh, ambaye hawakukubaliana naye hata siku moja kuhusu malisho, na mara nyingi Mahrukh ndiye aliyekuwa sahihi, jambo ambalo mjomba alilikiri kwa kununa. Katika pafu la kushoto kulibaki kivimbe kimoja kidogo. Hakikukua, hakikuondoka. Daktari alikichungulia kila alipomwona, akakiacha hapo chini ya ulinzi.

Mwaka wa pili, Mirbaz alipoenda Rawalpindi kupimwa, Daktari Uzma alimwomba aonane na mgonjwa mpya, mwalimu wa shule kutoka Skardu, saratani yake ya figo imefika kwenye mapafu na mfupa wa nyonga. Mwalimu alikuwa ameketi kitandani na mdogo wake aliyelingana naye, wote wawili wameshika magoti.

"Wanasema wewe umepona," mwalimu akasema.

"Bado nimo mbioni. Lakini niko mbele."

"Niambie kweli. Inauma?"

Mirbaz aliinua mikono yake yenye mabaka akamwonyesha. Akamwambia habari ya viganja, ya tumbo, ya yule jirani wa Multan aliyekuwa akigonga ukuta. Hakupunguza neno. Mwalimu alimsikiliza akiwa mweupe, na mdogo wake akainamisha kichwa.

"Na ungeambiwa uanze upya?" mwalimu akauliza.

"Ningemwambia dada yangu avue bangili, wamchome tena." Mirbaz akasogeza kiti karibu na kile kitanda. "Sasa nisikie. Chakula cha humu hakina ladha, utakichukia. Ukile. Kila wakikileta, ukile chote, hata ukikitapika uombe kingine. Askari wanapigana, lakini wewe ndiye unayewalisha. Na wewe mdogo wake, zile sindano zitakuuma kiunoni usiku na mchana. Lia ukitaka. Dada yangu alilia, na ni mkali kuliko wewe."

Mdogo mtu akatabasamu kwa mara ya kwanza. Muuguzi akaingia na sahani mbili za wali uliochemshwa mno, na mwalimu, akimtazama Mirbaz, akachukua kijiko.